Kuuziana sarafu za kidijitali mtu kwa mtu: hela yako inalindwa na nani?

Malipo ya tumbaku yanapoanza kuingia, swali moja huongezeka kwenye simu za studio yetu: je, mtu anaweza kununua "dola za mtandaoni" au kuziuza kwa mtu asiyemjua, asiibiwe? Tunaelewa linatoka wapi. Tumbaku yetu hupangiwa bei kwa dola, na mkulima wa Tabora anajua dola ikipanda au kushuka inamgusa vipi. Akisikia kuna sarafu iitwayo USDT, iliyotengenezwa ili thamani yake ilingane na dola moja, masikio yanasimama.

Biashara yenyewe huenda hivi. Soko, yaani programu ya kwenye simu, halikuuzii sarafu. Linawakutanisha muuzaji na mnunuzi, kama dalali wa mahindi. Tuseme una USDT 100 na unataka shilingi. Mtu wa mahali usipopajua anakubali bei yako. Papo hapo soko linazifungia zile USDT 100: wewe huwezi kuzitoa, naye hajazipata. Zimekaa amana. Anakutumia shilingi kwa simu au benki, anabonyeza kwamba amelipa, nawe ukishaona hela unaziachia. Mkigombana, soko linatazama ushahidi wa kila upande na kuamua.

Kinga yote iko kwenye hiyo amana. Matapeli wanajua, ndiyo maana hawahangaiki kuvunja kufuli. Wanakushawishi ufungue mwenyewe.

Njia yao ya kwanza ni ndugu wa ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", ambayo karibu kila mwenye simu nchini ameshaipata. Unaingia ujumbe wa malipo ulioandikwa vilevile kama wa mtandao wa simu, kumbe umetoka kwenye namba ya mtu. Mwingine hutuma picha ya muamala. Kisha anapiga: "Bosi, achia basi, muda unaisha!" Usiangalie meseji, angalia salio. Bonyeza *150*00# kama ni M-Pesa au *150*60# kama ni Airtel Money, uone hela kwa macho yako. Hakuna salio, usiachie. Fungua mgogoro ndani ya programu, sarafu zako bado zimefungiwa.

Mnunuzi naye ana mtego wake. Umeshatuma shilingi, muuzaji anakwambia mtandao unasumbua, futa oda nikurudishie. Ukifuta, amana inarudi kwake na shilingi zako anazo. Na yeyote anayekuvuta mmalizane WhatsApp, nje ya programu, anakutoa kwenye amana kabisa. Huko hakuna mwamuzi.

Lakini linaloumiza hata wazoefu ni jina. Hela imeingia kweli, salio limepanda, ila jina la aliyetuma si la yule uliyepatana naye sokoni. Mara nyingine mtumaji ni mtu wa tatu aliyetapeliwa, ameambiwa analipia pikipiki au kiwanja. Akishtuka anaripoti, hela inazuiwa kwenye akaunti yako, na anayetafutwa ni mwenye laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole, yaani wewe. Shilingi zinaweza kuzuiwa hata kurudishwa. Sarafu ya kidijitali ikishaondoka hakuna wa kumpigia airudishe. Kwa hiyo majina yasipolingana, usiachie hata kama hela iko kwenye salio. Peleka mgogoro sokoni.

Tabora si wageni wa jambo hili. Enzi za misafara, vitambaa na shanga zilitoka pwani kwa mkopo, na pembe za ndovu zikarudi baada ya miezi mingi. Mfadhili kama Taria Topan aliyekaa Zanzibar alimkopesha Tippu Tip kwa kumjua. Hata hivyo wapo wafanyabiashara waliobaki huku bara miaka wakikwepa wadai wao. Nao walikuwa wakijulikana kwa majina na koo zao. Huyu wa kwenye simu unamjua kwa nyota alizopewa na wateja tu.

Na soko lenyewe je? LocalBitcoins ya Finland, iliyoanza mwaka 2012, ilitangaza kufunga Februari 2023 na kuwapa wateja muda wa kutoa mali zao. Paxful, iliyotumiwa sana Afrika, ilisimamisha huduma ghafla Aprili mwaka huohuo. FTX haikuwa soko la mtu kwa mtu, lakini ilipofilisika Novemba 2022 ilibainika kwamba fedha za wateja zilikuwa zimetumika kwingine. Sisi tunasema soko si ghala. Ukimaliza kuuza, usiache mavuno yako humo.

Kisheria pia jua ulipo. Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba shilingi ndiyo fedha halali pekee nchini. Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia aliitaka Benki Kuu ijiandae kwa sarafu hizi. Mwaka 2024 ikaja kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Wengine wamechukulia kodi hiyo kama ruhusa yenye ulinzi. Sivyo. Benki ikifilisika, Bodi ya Bima ya Amana humlipa mteja hadi shilingi milioni 7.5. Soko la sarafu likianguka, bodi hiyo haikuhusu.

Ukitapeliwa, usifute mazungumzo wala meseji. Piga simu mtandao wako wa simu mara moja wajaribu kuizuia hela, tuma taarifa ya namba ya tapeli kwenda 15040, kisha nenda polisi ukiwa na namba ya muamala na namba ya oda.