Kuongeza Nguvu ya Injini ya Dizeli yenye Tabochaja: Mfano wa Cummins 6BT

1.0 Utangulizi

Injini ya petroli hudhibitiwa kwa kufungua na kubana njia ya hewa. Injini ya dizeli, kwa upande wake, huvuta hewa yote inayoweza kuivuta, na nguvu yake hutegemea kiasi cha mafuta kinachopulizwa ndani ya silinda. Kwa mantiki hiyo, fundi anayetaka kuongeza nguvu huanzia kwenye pampu ya mafuta. Hata hivyo, skrubu ile ile iongezayo nguvu inaweza kuyeyusha pistoni. Makala hii inafafanua mpaka huo ulipo na namna ya kuukaribia bila kuuvuka.

Mfano unaotumika ni injini ya Cummins 6BT ya lita 5.9 na silinda sita, iliyofungwa katika magari ya Dodge Ram nchini Marekani kuanzia modeli ya 1989. Nguvu yake ilikuwa nguvu za farasi 160, yaani takribani kilowati 119, na hadi 1993 ilitumia pampu ya mzunguko ya Bosch VE.

2.0 Uhusiano wa Mafuta na Hewa

Tukichukulia ufanisi wa asilimia 35, kilowati 119 zinahitaji takribani gramu 8 za dizeli kwa sekunde. Katika mizunguko 2,500 kwa dakika, injini hii hupuliza mafuta mara 125 kwa sekunde. Hivyo kila mpulizo hubeba takribani miligramu 64. Silinda moja iliyojaa hewa ya kawaida hubeba takribani gramu 1.2 za hewa. Iwapo tabochaja itaongeza uzito huo mara moja na nusu, hewa itafikia karibu gramu 1.8, na uwiano wa hewa kwa mafuta utakuwa karibu 28 kwa 1.

Dizeli huungua kikamilifu kinadharia katika uwiano wa takribani 14.5 kwa 1, lakini moshi mweusi huanza mapema zaidi, uwiano unaposhuka chini ya 20 hivi. Mafuta yakiongezwa kwa nusu bila kuongeza hewa, uwiano hushuka hadi karibu 19. Hivyo basi, nafasi ya kuongeza ipo, ila si kubwa kama moshi unavyowahadaa wengi. Moshi mzito si dalili ya nguvu. Ni mafuta yaliyokosa hewa.

3.0 Sehemu za Kurekebisha

Sehemu ya kwanza ni kiwambo kilicho juu ya pampu. Shinikizo la tabochaja hukisukuma chini dhidi ya springi, nacho hushusha pini yenye umbo la pia, ambayo huruhusu mafuta zaidi. Kazi yake ni kuyazuia mafuta mpaka hewa ifike. Kuizungusha pini hiyo hubadili kiasi cha nyongeza hiyo.

Sehemu ya pili ni skrubu ya mzigo kamili, nyuma ya pampu. Hii huongeza mafuta katika hali zote, hata injini inapounguruma bila mzigo. Ndiyo maana huzungushwa kwa sehemu ndogo ya mzunguko kila mara.

Sehemu ya tatu ni springi ya gavana. Springi ngumu zaidi huchelewesha ukataji wa mafuta, na injini huendelea kuvuta katika mizunguko ya juu.

4.0 Kikomo cha Joto

Aluminiamu huyeyuka katika nyuzijoto 660 za Selsiasi, ilhali gesi ya ekzosi inaweza kuzidi hapo. Pistoni hunusurika kwa sababu hupozwa na oili, pamoja na hewa mpya kati ya mwako mmoja na mwingine. Mafundi wengi huchukulia nyuzijoto 700 hivi, zinazopimwa kabla ya tabochaja, kuwa kikomo cha kupanda mlima mrefu na mzigo. Kwa hiyo kipimajoto cha ekzosi na kipimo cha shinikizo la hewa hufungwa kabla ya kuigusa pampu. Aidha, klachi na gia hubeba nguvu yote inayoongezwa.

5.0 Hitimisho

Mafuta huleta nguvu kwa kadiri hewa inavyoruhusu. Fundi arekebishe sehemu moja, apime chini ya mzigo, kisha aendelee. Joto likikaribia kikomo, suluhisho ni kuongeza hewa au kuipoza, la sivyo mafuta yapunguzwe.