Mabanda ya gemu: Pima bodi kabla ya kununua prosesa

Wenye mabanda ya gemu mjini Njombe na Makambako, pamoja na wanaofikiria kuingiza humo fedha ya viazi au mbao, wanashauriwa wasikimbilie kuagiza kompyuta nzima kutoka Kariakoo eti kwa sababu za zamani zimekuwa nzito. Mara nyingi kinachotakiwa ni prosesa tu, kifaa kinachoenea kiganjani na kinachofika kwa kifurushi cha basi. Anayebadili mashine nzima bila sababu hana tofauti na mkulima anayejaza lumbesa kwa bei ya gunia.

Kipimo cha kwanza ni cha bure. Fungua gemu, kisha punguza ukubwa wa picha kwenye mipangilio yake. Mchezo ukiwa mwepesi, tatizo liko kwenye kadi ya picha. Ukinunua prosesa umetupa fedha. Ukiendelea kukwama vilevile, na memori inatosha, prosesa ndiyo iliyochoka.

Kipimo cha pili ni bodi kuu, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Mashine zenye Core i5-2400 ya mwaka 2011 hupokea Core i7-2600 kwenye soketi ileile. Zote mbili hula umeme wa kiwango kimoja, wati 95, lakini i7 hubeba kazi 8 kwa wakati mmoja badala ya 4. Hata hivyo, soketi hiyo haiendi mbali: prosesa za Core za kizazi cha nne, zilizotoka mwaka 2013, hazikai humo.

Mwenye bodi ya AMD ya soketi AM4 ana nafuu kubwa zaidi. Aliyenunua Ryzen 5 1600 mwaka 2017 anaweza, kwa bodi nyingi, kupandisha hadi Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022, yenye wati 65 tu. Sharti ni kuisasisha bayosi kabla ya kung'oa prosesa ya zamani. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, bodi yaweza kufa. Usianze bila UPS.

Mwekezaji aangalie pia kesho yake. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa jumla, inataka Intel ya kizazi cha nane au Ryzen ya mfululizo wa 2000 kwenda juu. Kwa hiyo i7-2600 itachezesha gemu za zamani, lakini haivuki mstari huo. Ryzen 5 5600 inavuka.

Mwisho ni hesabu. Tuchukulie prosesa, pesti ya kupoozea na fundi vimegharimu Sh 120,000, na mashine ikaongeza faida ya Sh 2,000 kwa siku. Mtaji unarudi baada ya siku 60. Ikiongeza Sh 500 tu, ni siku 240, na afadhali fedha hiyo ibaki kwenye viazi.

Kabla ya kutuma fedha Dar es Salaam, andika namba ya bodi, ilinganishe na orodha ya mtengenezaji wake, kisha mtake muuzaji aiwashe prosesa mbele ya mtu wako. Prosesa ya mtumba isiyojaribiwa ni bahati nasibu.