UZI: Mti wa Nairobi na mti wa Kiambu, nani ana ruhusa ya kuukata?

1/ Kila mdahalo wa ugavana lazima mtu aseme "nitakomesha ukataji miti." Makofi yanapigwa, tunaendelea na swali lingine. Hakuna anayeuliza: mti gani, uko kwa ardhi ya nani, na gavana ana mamlaka gani juu yake? Leo tuchambue hiyo, pole pole.

2/ Tuanzie mtaani. Kahawa West iko Nairobi. Kahawa Sukari iko Kiambu. Ni majirani, Thika Road ni ile ile, mvua ni ile ile. Lakini mti ukiinamia paa lako, ofisi ya kaunti unayoendea si moja, na kanuni za ada pia si moja.

3/ Kwa nini? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaachia serikali ya kitaifa sera ya mazingira. Kaunti zinapewa kazi ya kutekeleza sera hizo, misitu ikiwemo. Halafu kila bunge la kaunti linapitisha Sheria yake ya Fedha, na ada za vibali zinapangwa humo. Kwa hivyo hiyo ada inapitia kwa MCA wako.

4/ Shida ni kwamba si kila mti ulio ndani ya kaunti ni wa kaunti:
• Msitu wa serikali kama Karura: KFS.
• Kando ya barabara kuu: mamlaka ya barabara, ya kitaifa.
• Matawi yanayogusa nyaya za stima: kampuni ya umeme huyakata.
• Bustani za mji na barabara za mtaa: kaunti.
• Shamba lako: ni wako, lakini...

5/ "Lakini" yenyewe ni hii. Sheria ya Machifu inampa chifu uwezo wa kutoa amri za kudhibiti ukataji wa mbao na kuzuia uharibifu wa miti. Ndio maana mashambani watu wengi huanza kwa chifu. Na chifu si mtu wa gavana, ni wa serikali ya kitaifa. Gavana akikuahidi kitu ambacho chifu ndiye anaamua, muulize vizuri.

6/ Hii si nadharia. Mwaka jana kwa ploti tunayokodi, mti ulikauka ukaanza kuinama. Keateka alizungushwa ofisi tatu, kila moja inasema "si sisi." Mti ukaanguka usiku, ukaponda jiko la mama anayetuuzia chapati. Hakuna aliyeumia. Hakuna aliyelipa pia.

7/ Sasa pande mbili za mjadala. Mkulima wa Kiambu aliyepanda grevilea miaka kumi iliyopita ameweka karo ya watoto pale. Mzungushe sana na vibali, msimu ujao hatapanda. Hiyo ni hoja ya kweli, msimcheke.

8/ Upande wa pili: Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, ndani ya Kiambu. Miti ikiisha juu, udongo na maji ya mafuriko yanateremka kwa mtu wa mabondeni Nairobi, ambaye hakumpigia kura gavana wa Kiambu. Yeye atalalamika kwa nani?

9/ Tushaona kaunti zikigongana. Januari 2018 Kitui ilipiga marufuku makaa kusafirishwa nje ya kaunti. Lori likachomwa, na wafanyabiashara wa Limuru wakaandamana. Kitui ilisema miti yake inaisha. Limuru walisema riziki yao imekatwa. Upande mmoja ukikaza bila kuongea na mwenzake, moto unawaka mpakani.

10/ Na ule mugumo wa Waiyaki Way? Mwaka 2020 ulikuwa ukatwe kwa sababu ya barabara ya Expressway. Watu wakapiga kelele, rais wa wakati huo akaamuru ulindwe. Tulifurahi, mimi pia. Lakini ile ilikuwa amri ya mtu mmoja kwa mti mmoja. Mti wa kwenu hauna rais wa kuutetea, unahitaji kanuni.

11/ Kifungu cha 69 kinataka angalau 10% ya nchi iwe na miti. Lengo la sasa ni kupanda bilioni 15 kufikia 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa likizo tupande. Sawa kabisa. Ila kupanda hupigwa picha, kibali cha kukata hutolewa kimya kimya.

12/ Kwa hivyo mgombea akisema "nitalinda miti," muulize haya:
a) Ipi iko chini yako?
b) Vibali ulivyotoa vitabandikwa wapi tuvione?
c) Ofisi gani moja itapokea ripoti ya mti hatari?
d) Umeongea na kaunti jirani?
Akijibu mawili, msikilize. Akianza hadithi za miche, unajua.

Kwenu ukitaka kukata mti unaanzia wapi? Taja kaunti, tulinganishe.