Mlango wa Chumvi na Sukari

Kila seli ya mwili imefunikwa na utando mwembamba mno, wenye unene wa nanomita 7 hadi 8 hivi. Sehemu kubwa ya utando huo ni mafuta, na kama mawese yanavyokataa kuchanganyika na maji, ndivyo mikia ya molekuli zake inavyoyakimbia maji. Kwa hiyo molekuli hujipanga safu mbili, mikia ikielekeana ndani, vichwa vikigusa maji ya pande zote mbili. Mwaka 1972, wanasayansi Singer na Nicolson walieleza kwamba mafuta hayo hayajaganda: huteleza, na protini huelea ndani yake.

Oksijeni hupenya mafuta yenyewe, kutoka iliko nyingi kwenda iliko kidogo. Maji hupita hasa kwenye mifereji ya protini, yakivutwa kuelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi. Huko ndiko kuitwako osmosi. Chumvi na sukari zenyewe haziwezi kupenya bila protini ya kuzipitisha. Iko pia pampu inayotumia nishati: kila mzunguko hutoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu.

Kusini mwa mkoa wa Maniema mambo haya yanahusu uhai wa watu. Kabambare, eneo la huko, inapakana na Fizi, na Fizi inafika Ziwa Tanganyika, ambalo ukanda wake ni ngome ya zamani ya kipindupindu mashariki mwa Kongo. Msafiri na mmisionari David Livingstone alipokuwa Kabambare akiuguza vidonda vya miguu, mwaka 1870 hadi mwanzoni mwa 1871, ugonjwa huo ulikuwa umekwisha kuua maelfu Unguja, kulikotoka misafara ya biashara iliyokwenda bara.

Sumu ya kipindupindu haitoboi utando. Huingia katika seli za utumbo na kuiacha wazi mifereji ya kloridi. Kloridi humwagika utumboni, sodiamu huifuata, na maji hufuata vyote viwili. Mgonjwa mahututi huweza kupoteza hata lita 1 kwa saa.

Lakini mlango mmoja hubaki mzima, na hapo ndipo tumaini lilipo. Mwaka 1960 mwanasayansi Robert Crane alieleza kwamba glukosi, ambayo ni sukari, huingia katika seli za utumbo ikiandamana na sodiamu ya chumvi. Vikiingia pamoja, maji huvifuata. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha maji ya chumvi na sukari wakimbizi wagonjwa wa kambi ya Bangaon, India, na vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4. Ni ugunduzi unaostahili sifa kubwa kuliko unazopewa.

Pakiti ya ORS, yaani chumvi na sukari ya kuchanganywa na maji ya kunywa, ikikosekana, lita 1 ya maji safi hutiwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Kipimo kisizidishwe: sukari nyingi huvuta maji kutoka mwilini kuyarudisha utumboni, na ndiyo sababu soda humzidishia mgonjwa kuhara. Uji mwepesi wa mchele, zao linalolimwa sana Maniema, kule Kasongo na Kabambare, nao unafaa ukitiwa chumvi kwa kipimo hichohicho, kwa kuwa wanga wake hugeuka glukosi polepole, bila kuvuta maji kwa nguvu.

Mgonjwa apewe kidogo kidogo, hata kama anatapika. Akilegea au akishindwa kunywa, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa, akatiwe maji kwa mshipa.