Kiti ni vipimo jamani, siyo magurudumu!

Wadau, mgongo wangu ulikuwa unaniua. Hapa Kifungilo nilikuwa nakalia kiti cha plastiki mbele ya kompyuta, huku naota kile cha ofisini chenye magurudumu. Hela sina. Nikaazima futi ya fundi cherehani, nikajipima.

Nawe jipime hivi. Kaa, nyayo zikanyage sakafu yote. Toka chini mpaka nyuma ya goti ndiyo kimo cha kiti chako. Kikalio kiishie vidole viwili vitatu kabla ya goti, la sivyo miguu itakufa ganzi. Egemeo liguse kiuno, pale mgongo unapobonyea. Meza nyingi zina kama sentimita 75. Ikikuzidi viwiko, kalia kipande cha godoro kuukuu. Miguu ikining'inia, weka tofali.

Vipimo hivyo mpelekee seremala. Huku Lushoto tuna mbao za msonobari za Shamba la Miti Shume, kwa nini tusubiri kiti cha kutoka ng'ambo?

Ila kila nusu saa inuka, ujinyooshe. Ukiganda, hata kiti cha mkurugenzi hakikusaidii.

Wewe mwenzangu unakalia nini? Funguka hapo chini.