Dengue Haina "Nimeshaugua"

Mjomba wangu ana duka la mabegi Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Nikimwambia amwage maji ya lile dumu lililokatwa nyuma ya duka, anacheka: "Mpwa wangu, mimi niliugua dengue 2019, mwili umeshazoea." Sikuwa na jibu mpaka tulipofundishwa ganda la kirusi.

Kirusi cha dengue huzaliwa ndani ya seli kikiwa kichanga, kina upana wa nanomita 60 hivi na miiba 60. Kila mwiba ni jozi tatu za protini: E, inayofungua mlango wa seli, na prM, inayoifunika E kichwani kama kofia. Kofia ina kazi yake. Bila hiyo, E ingeanza kufungua milango humohumo kilimozaliwa, na kirusi kisingefika popote.

Kikielekea nje kinapita vyumba vya seli vyenye tindikali. Tindikali inailaza miiba. E zote 180 zinalala bapa mbilimbili, ganda linakuwa laini na kupungua hadi nanomita 50 hivi. Hapo kimeng'enya kiitwacho furini kinapata nafasi ya kuikata prM. Na furini ni ya kwetu, yaani mkasi tunautoa sisi wenyewe! Kofia iliyokatwa inadondoka kirusi kikishatoka nje. Sasa kimekomaa.

Ila dengue ni fundi mzembe. Virusi vingi vinatoka nusunusu, bado vina prM. Mwili unatengeneza kingamwili dhidi ya prM, lakini hazikizuii kirusi vizuri. Na dengue ziko aina nne. Ile ya mlipuko wa Dar wa 2014 ilikuwa aina ya 2. Ukipata aina nyingine baadaye, kingamwili za zamani zinakishika kirusi bila kukimaliza, kisha seli za kinga zinakimeza. Kumbe humo ndimo dengue inamopenda kuzaliana. Kirusi kichanga, ambacho peke yake kisingeingia popote, kimepewa lifti. Hiyo ni sababu mojawapo ya hatari kuwa kubwa zaidi mara ya pili.

Nilimchorea mjomba yote haya nyuma ya kitabu cha risiti. Akatazama, akauliza dawa ya kuuzuia huo mkasi inauzwa duka gani.

Haipo. Kuna paracetamol, maji mengi na kuwahi hospitali. Aspirini na diklofenaki hapana, zinaongeza hatari ya kuvuja damu. Na mbu wake huuma mchana, saa za biashara.

Dumu nililimwaga mwenyewe.