Kuridhika, Uzima na Utu: Msamiati wa Maisha Yenye Maana na Athari Zake katika Upimaji wa Ustawi

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi msamiati wa Kiswahili unavyobeba dhana ya maisha yenye maana, na kwa nini jambo hilo linawahusu wapangaji wa sera. Hoja yake ni kwamba neno kuridhika, ambalo ni rahisi kulitumia katika hojaji, linaweza kupima kukubali hali badala ya utoshelevu wa nafsi. Maneno uzima na utu, kwa upande mwingine, yanaonyesha kwamba maana ya maisha hutafutwa katika nafasi aliyo nayo mtu miongoni mwa watu.

1. Utangulizi

Mwaka 2011 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio 65/309, lililozihimiza nchi wanachama kutafuta vipimo vya furaha na ustawi vya kuongoza sera zao. Mwaka 2012 ilitolewa Ripoti ya Furaha Duniani kwa mara ya kwanza. Ripoti hiyo hutegemea swali la ngazi linalohusishwa na Hadley Cantril, ambamo mhojiwa hujiweka kati ya 0 na 10, na kilele kikiwa ni maisha bora kabisa anayoweza kuyapata.

Ugumu wa maswali ya aina hii hujitokeza yanapotafsiriwa. Miaka kadhaa iliyopita nilikagua tafsiri ya hojaji katika makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, ambako Kiswahili huwaunganisha watu waliotoka nchi mbalimbali. Mjane mmoja aliulizwa, "Mama, unaridhika na maisha yako?" Akajibu, "Nimeridhika, mwanangu. Nitafanya namna gani?" Msaili akaweka alama penye "ameridhika sana". Hakukosea kwa kufuata maneno. Alikosea kwa kufuata maana. Sehemu zifuatazo zinaeleza chanzo cha kosa hilo.

2. Kuridhika na maisha bora

Kitenzi ridhika kina uhusiano wa karibu na ridhia, yaani kukubali, na nomino radhi. Mtu huomba radhi, huwa radhi kufanya jambo, na hutafuta radhi za wazazi. Katika matumizi yote hayo kuna upande wa pili: yupo anayetoa na yupo anayepokea. Kwa hiyo anayesema "nimeridhika" anaweza kuwa anatangaza furaha, lakini anaweza pia kuwa anatangaza kwamba ameacha kushindana na yaliyomkuta. Kwa muundo wa neno pekee, msikilizaji hawezi kutenganisha maana hizo mbili. Jibu la mjane liliegemea maana ya pili, na sentensi iliyofuata ndiyo iliyolifichua. Hojaji haikuwa na nafasi ya kuiandika sentensi hiyo.

Maneno maisha bora nayo yana historia yake. Nchini Tanzania, kaulimbiu ya "Maisha bora kwa kila Mtanzania" ilivuma katika kampeni za uchaguzi wa mwaka 2005. Tangu hapo ni vigumu kuyatamka maneno hayo bila kuamsha fikra za kipato, barabara, umeme na ahadi za serikali. Mambo hayo ni ya lazima, lakini anayeuliza juu yake asidhani kwamba ameuliza juu ya maana ya maisha.

3. Uzima na utu

Neno uzima hukusanya mambo ambayo lugha nyingine huyatenga: kuwa hai, kuwa na afya, kuwa kamili bila kupungukiwa, na kupevuka. Mtu mzima si mwenye umri tu. Ni yule anayeweza kutegemewa, kuitwa kwenye shauri na kutumwa kwenye msiba. Ukamilifu wake huthibitishwa na wengine.

Lugha za jirani zina miundo inayokaribiana na huo. Waganda husema obuntubulamu, neno linalounganisha utu na hali ya kuwa hai au mzima, nao hulitumia kwa maana ya adabu, huruma na heshima kwa wenzako. Kinyarwanda hutofautisha ubumuntu, yaani utu, na ubuntu, yaani ukarimu. Kitu kinachotolewa bure husemwa kuwa ni ku buntu. Methali ya Kiswahili, "Mtu ni watu", imo katika mkondo huohuo.

Waandishi wetu nao wamelijadili suala hili. Shaaban Robert alimpa mhusika wake mkuu jina la Utubora, katika riwaya ya Utubora Mkulima. Huyu ni mtu anayeacha kazi ya mjini na kwenda kulima. Sifa ya ubora imeambatishwa kwenye utu, haikuambatishwa kwenye maisha. Euphrase Kezilahabi, katika Kichwamaji (1974), anatuonyesha upande wa giza: Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, hayaoni maisha kuwa na maana na mwishowe anajiua. Elimu aliipata, alichokosa ni mahali pa kusimama, kijijini na hata mjini.

4. Tahadhari

Haifai kuugeuza utu kuwa kisingizio. Mwenye njaa huhitaji chakula kwanza, na serikali haiwezi kujitetea kwa kusema kwamba wananchi wake ni maskini wenye upendo. Aidha, "Mtu ni watu" inaweza kuwa mzigo: mwanamke asiye na mtoto, kijana asiye na mali ya kuoa, au mkimbizi aliyepoteza jamaa wote huweza kuhesabiwa kuwa pungufu. Ndiyo maana haitoshi kuusifu utu. Inapasa kuuliza ni nani ameachwa nje yake.

5. Hitimisho na mapendekezo

Kabla ya kuondoka, msaili yuleyule alimuuliza mjane kitu gani humwamsha asubuhi. Akataja watoto wawili wa jirani aliyefariki, ambao sasa humwita mama. Hakuna kisanduku kilicholipokea jibu hilo, ingawa ndilo lililokuwa jibu la swali lililokusudiwa.

Makala hii inapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila swali la kuridhika lifuatwe na swali la kufafanua: je, mhojiwa amependa hali yake au ameikubali tu? Pili, hojaji ziongeze maswali ya mahusiano, mathalani: "Ni nani anayekutegemea?" na "Usipoonekana leo, nani atakuulizia?" Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iratibu istilahi za ustawi, zikijaribiwa kwanza na wazungumzaji wa Kiswahili cha Bujumbura, Goma na Kampala, pamoja na wale wa Dar es Salaam na Mombasa. Gharama ya kupuuza hatua hizi itawaangukia wale wanaojibu kwa upole. Watahesabiwa kuwa wameridhika, na kwa sababu hiyo hawatafikiwa.